Vitamini B haimwongezei nguvu asiyepungukiwa

Wengi humeza vidonge vya vitamini B wakiamini vinaongeza nguvu. Imani hiyo ina chanzo chake: vitamini hizi 8 husaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu. Zenyewe, hata hivyo, hazina nguvu ndani yake. Mwili ukishatosheka, kidonge cha ziada hakiharakishi kazi hiyo. B2 iliyozidi utaiona chooni, mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea.

Wapo wanaozihitaji kweli. Mwanamke anayetarajia kushika mimba hushauriwa kutumia mikrogramu 400 za asidi ya foliki, yaani vitamini B9, kila siku, ili kumkinga mtoto na kasoro za ubongo na uti wa mgongo. Wasiokula kabisa vyakula vitokanavyo na wanyama wanahitaji B12.

Linalonisumbua zaidi ni kauli kwamba ziada haidhuru kwa kuwa hutoka na mkojo. B6 nyingi, ikitumiwa kwa miezi, huweza kuharibu mishipa ya fahamu: vidole vya miguu huanza kuchomachoma na kufa ganzi, na mtu akaendelea kumeza vidonge vilevile akidhani vitamtibu. Soma lebo ya kila kopo unalotumia, maana B6 huwekwa katika bidhaa nyingi na jumla yake hupanda kimyakimya.