Mtu wa posta aliyekaribia kuuyumbisha urais

Mwaka 1876 urais wa Marekani nusura uponyoke kwa sababu ya mtu wa posta. John Watts alikuwa mkuu wa posta ya Lafayette, mji mdogo wa jimbo la Oregon, na chama cha Republican kilimweka miongoni mwa wajumbe watatu wa jimbo hilo wa kumpigia kura mgombea wake wa urais, Rutherford Hayes, maana kule rais huchaguliwa rasmi na wajumbe wa majimbo. Kumbe Katiba inamkataza mwenye wadhifa katika serikali kuu kuwa mjumbe. Hayes aliposhinda jimbo, gavana, aliyekuwa Democrat, akalikata jina la Watts na kumpa cheti mtu wa chama chake. Watts, ambaye alikuwa ameshaacha posta, akajiuzulu ujumbe, na wenzake wawili wakamteua tena ajaze nafasi yake mwenyewe! Tume ya watu 15 iliyoundwa na Congress kuamua mgogoro huo ikaupitisha mchezo huo kwa kura 8 dhidi ya 7. Hayes akapata kura 185 za wajumbe, mpinzani wake wa Democratic, Samuel Tilden, 184.

Ndicho kisa ninachoanza nacho nikifundisha sheria ya uchaguzi, maana wengi hujua kuna wajumbe 538 lakini hawaulizi orodha imetoka wapi.

Imetoka kwenye vyama. Anayetia alama kwa mgombea urais, kisheria anaichagua orodha ya wajumbe wa chama hicho, ambao mara nyingi majina yao hayamo hata kwenye karatasi ya kura. Namna ya kuiandaa huamuliwa na sheria ya kila jimbo. Mahali pengi ni mkutano mkuu wa chama wa jimbo, au kamati yake kuu. Pennsylvania kazi hiyo ni ya mgombea urais mwenyewe, ndani ya siku 30 baada ya kuteuliwa. Florida gavana ndiye huteua, lakini hana hiari: lazima achukue majina yaliyopendekezwa na kila chama, hata cha wapinzani wake. California ndiyo kiboko, sheria ina utaratibu tofauti kwa kila chama. Kwa Democrats, kila mgombea wao wa Congress hutaja mjumbe mmoja.

Kwa kawaida hutafutwa makada wa siku nyingi, lakini ukada si kinga. Mwaka 2016 wajumbe wanne wa Democratic jimboni Washington walimnyima Hillary Clinton kura: watatu wakampa Colin Powell, waziri wa zamani wa mambo ya nje, mmoja Faith Spotted Eagle, mwanaharakati wa Wamarekani asilia. Walitozwa faini ya dola 1,000 kila mmoja, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikasema jimbo lina haki ya kuwaadhibu. Hakuna aliyewapenyeza, majina yao yalipelekwa na chama chenyewe.