Tofauti za kijeni katika ubongo na pombe: maana yake kwa wanyama

Wape wanyama wawili wa spishi moja pombe kipimo kilekile: mmoja atapepesuka na kuzimika, mwingine atatembea kama kawaida. Iwapo chanzo ni jeni walizorithi, na jeni hizo zimeathiri jinsi ubongo unavyoipokea pombe, hizo ndizo tofauti za kijeni katika ubongo kuhusu pombe. Ini tuliweke kando. Ini likichelewa kuvunja pombe mnyama atalewa zaidi, lakini hilo ni suala jingine.

Watafiti wa Colorado, Marekani, walitenganisha vizuri kazi ya ubongo na ya ini. Kuanzia miaka ya 1960 walizalisha panya kwa kuchagua: waliolala sana baada ya dozi walipandishwa wao kwa wao, na waliozinduka mapema vivyo hivyo. Vizazi vilivyofuata vikaachana kabisa. Hawa wakizimika kwa muda mrefu, wale wakiamka baada ya dakika chache. Tena walalaji walipoamka, damu yao ilikuwa na pombe kidogo kuliko ya wenzao walioamka mapema. Basi ini halikuwa na kosa. Ubongo ndio uliozidiwa. Pombe huongeza nguvu ya GABA, kemikali inayotuliza neva, na vipokezi vyake, yaani sehemu za seli za neva zinazoipokea, havifanani kwa kila mnyama.

Jamii mbili za panya wa maabara zinanivutia zaidi. C57BL/6, weusi, wakiwekewa chupa ya maji na ya pombe ya asilimia 10, huipenda ya pombe. DBA/2 huikwepa. Ungedhani DBA/2 hawana haja nayo, kumbe kinachowakera kwa sehemu kubwa ni ladha. Wakidungwa pombe bila kuionja, huku wakiwekwa juu ya sakafu ya aina fulani, baadaye wakiachiwa wachague huirudia sakafu ileile, ishara kuwa pombe iliwanogea. C57BL/6 katika jaribio hilo hawaonyeshi mvuto mkubwa. Kwa hiyo mtu akikutangazia kuwa “jeni ya ulevi” imepatikana, mwulize: ya kunywa, ya kulewa, au ya kunogewa?

Na arosto nayo ina jeni zake. Pombe ikikatwa, DBA/2 akiinuliwa kwa mkia na kuzungushwa polepole hupata degedege kwa urahisi. C57BL/6 mara nyingi hutulia. Sehemu ya tofauti hiyo imefuatiliwa hadi kwenye jeni iitwayo Mpdz, katika kromosomu ya 4 ya panya.