Moshi wa bluu: usikimbilie ringi

"Shikamoo fundi. Gari inakula oili kuliko petroli."

Kijana huyo alikuja na Subaru Impreza WRX, anaongeza lita nzima kila kilomita elfu. Mafundi wawili walishamwambia ni ringi, zile pete za pistoni, injini ifunguliwe. Nikamuuliza: mdogo wangu, moshi unatoka wakati gani?

Swali hilo naliuliza kabla ya kushika spana. Ukiwasha asubuhi likatoka wingu moja kisha kukakauka, hiyo ni oili iliyochuruzika usiku kupitia sili za valvu, vile vipira vya kuzuia oili isiingie kwenye silinda, zilizokakamaa. Ukishuka mlima Nyang'oro ukitokea Iringa, mguu hauko kwenye mafuta, halafu kule chini ukikanyaga tena wingu likabaki nyuma, bado nashuku sili hizohizo, maana injini inayosukumwa na mteremko hufyonza kwa nguvu kila inachoweza kufyonza. Ringi zilizochoka huonekana ukikaza mwendo, gari likiwa na mzigo.

La huyu kijana halikufanana na hayo. Lilitoa moshi likisimama baada ya mbio, na ukiliacha silensa, yaani limesimama injini ikinguruma, ndivyo moshi unavyozidi. Hapo kila mtu anasema tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, imekufa. Sikatai, inawezekana. Lakini oili huingia kwenye tabo kwa presha na hurudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa kuteremka tu, kama maji ya mfereji. Zile sili zake ni ringi ndogo za chuma, wala hazikuundwa kuzuia oili iliyotuama. Shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Oili ikikosa njia ya kurudi, itatokea kwenye ekzosi au kwenye bomba la intakula, kile kipoza hewa ya tabo.

Na nini huziba njia? Mara nyingi ni presha ndani ya injini yenyewe, isiyoweza kupumua. Nilifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, hewa ikanipiga kiganjani. Valvu ya PCV, ile ya kuipumulisha injini, nilipoitikisa haikulia hata kidogo, imeganda kwa tope jeusi. Tukabadilisha, tukasafisha mipira yake na mabomba ya intakula. Baada ya kilomita elfu nyingine oili ilikuwa imepungua robo lita tu. Tabo ni ileile.

Ringi nazo huisha, na Dodoma tuna njia yetu ya kuzimaliza. Vijana wanang'oa boksi la ea klina, chujio la hewa, na kufunga ile ya koni iliyo wazi, kwa ajili ya mlio. Vumbi letu la kiangazi likipenya hapo ni msasa juu ya kuta za silinda. Tena mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo tabo hulazimika kuzunguka zaidi ili itoe presha ileile ya Dar es Salaam.

Aliyefunga pistoni za kufuliwa, si zile za kumiminwa kwenye kalibu, asishtuke mapema. Zinatanuka zaidi zikipata moto, kwa hiyo huachiwa nafasi kubwa zikiwa baridi; zitagonga kidogo asubuhi na kunywa oili kidogo. Ukimwekea huyo oili nyepesi ya gari la haibridi, usije kwangu kulalamika.

Kama bado unashuku ringi, pima kabla ya kufungua. Ile mbinu ya kumwaga oili kidogo kwenye silinda na kupima kompresheni tena inadanganya kwa Subaru, kwa sababu silinda zimelala na oili inabaki upande wa chini. Mimi napuliza hewa ya kompresa kwenye silinda, valvu zikiwa zimefungwa, kisha nasikiliza. Ikisikika kwenye tundu la oili, ni ringi. Ikitokea ekzosi, ni valvu.

Kijana nimemwambia arudishe boksi la ea klina. Tunabishana mpaka leo. Anasema gari litapoteza sauti.