Siku Tatu za Skii Si Siku Tatu

Msimu wa baridi ukikaribia, wateja ninaowapangia safari za skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni, huja mezani kwangu, hunyoosha vidole vitatu na kuvihesabu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Huwa namwomba mteja akunje kidole kimoja kabla hatujaendelea, na tukishafanya hesabu mara nyingi hukikunja cha pili kwa hiari yake. Dhana kwamba safari ya siku tatu ina siku tatu za kuteleza ndiyo iliyonichosha kuliko zote, kwa sababu wenye kuiamini si wageni wa skii peke yao.

Katika vituo vingi vya skii lifti, yaani viti na vibanda vya kamba vinavyowapandisha watelezaji mlimani, hufunguliwa karibu na saa 3 asubuhi na kusimama mnamo saa 10 jioni. Ondoa foleni, chakula cha mchana na mapumziko, na mtu wa kawaida atabaki na muda wa saa nne au tano za kuteleza kwa siku, na hapo naizungumzia siku iliyo kamili. Siku ya kufika huliwa na barabara. Kutoka uwanja wa ndege wa Geneva, Uswisi, hadi Chamonix, Ufaransa, ni zaidi kidogo ya saa moja kwa gari, na kutoka Denver hadi Breckenridge, huko Colorado, Marekani, ni kama saa mbili, lakini makadirio hayo ni ya barabara kavu isiyo na msongamano, na Ijumaa jioni yenye theluji haimo. Anayekwenda Zermatt, Uswisi, kwa gari sharti aliache katika kijiji cha Täsch na kumalizia kwa treni, kwa kuwa mji huo hauruhusu magari ya kawaida. Hakuna ubaya wowote katika hayo, ila kila dakika yake hukatwa kwenye vidole vile vitatu.

Halafu kuna duka la kukodisha vifaa, mahali ambapo asubuhi nzima hupotea bila mtu kujua imekwenda wapi. Familia moja niliyoipangia safari ilipuuza ushauri wangu na kuingia dukani saa 3 asubuhi ya siku ya kwanza, wakati mji mzima ulipokuwa na wazo hilohilo. Walitoka saa 5 na nusu. Baba alikuwa ameng'ang'ania viatu vikubwa kwa namba moja, akavivaa na jozi mbili za soksi nene ili visimbane, na kufikia saa 7 alikuwa amerudi dukani akichechemea, vidole vimepata ganzi. Kiatu cha skii hakichaguliwi kama raba. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti na kuegemea mbele, virudi nyuma na kuachia nafasi. Soksi iwe moja, ndefu na nyembamba, kwa kuwa kubanwa kwa damu ndiko kunakoleta baridi miguuni mara nyingi, na soksi ya pili huzidisha kubana huko. Kwa hiyo ninawasihi wateja wangu wachukue vifaa jioni ya kuamkia siku ya kwanza, wakae na viatu miguuni dakika 15 hivi humo humo dukani, na wamtajie fundi uzito wao wa kweli. Vifungio vinavyoshika kiatu kwenye skii hurekebishwa kwa kufuata uzito, urefu, umri, ukubwa wa kiatu na uwezo wa mtelezaji. Anayejipunguzia kilo kwa aibu, au kujipa uzoefu asio nao kwa majivuno, hupata vifungio vinavyofunguka ovyo au visivyofunguka mguu unapopindika.

Kama mnaweza kuchagua siku, nendeni Jumapili mrudi Jumatano. Katika sehemu kubwa ya Alpu za Ufaransa nyumba hukodishwa kwa wiki, kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi, na siku hiyo wanaotoka hukutana na wanaoingia kwenye barabara moja ya bondeni. Februari, shule za huko zinapofungwa, hali huwa mbaya zaidi.

Wengine huamini kwamba safari fupi inastahili mlima mkubwa kuliko yote. Eneo la Les Trois Vallées, huko Ufaransa, lina njia za kuteleza zenye jumla ya kilomita zipatazo 600, na anayejifunza hatatumia hata kilomita 10 kati ya hizo, ingawa tiketi ya eneo zima atailipia. Anunue tiketi ya sehemu ya wanaoanza, na fedha inayobaki ailipe mwalimu. Rafiki anayejua kuteleza si mwalimu. Atakuchosha kabla ya mchana, na urafiki utapoa pamoja na chai.

Mteja mwingine huniambia: "Mimi ni mtu wa mazoezi, urefu wa mlima haunisumbui." Mazoezi hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na uchache wa oksijeni mahali pa juu. Mji wa Breckenridge uko kwenye mita zipatazo 2,900 juu ya usawa wa bahari, na wengi huanza kuathirika wanapolala juu ya mita 2,500. Kichwa huuma na usingizi hukatika, kwa kawaida saa 6 hadi 12 baada ya kufika, yaani usiku wa kwanza wa safari ambayo haina usiku wa kupoteza. Laleni chini zaidi ikiwezekana, na pombe ya usiku huo iahirishwe.

Kuhusu mavazi nitasema machache: pamba hunyonya jasho na kukaa nayo, kwa hiyo fulana ya pamba ibaki hotelini. Jua nalo ni kali hata kwenye baridi, kwa sababu theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza ngozi, na ndiyo maana watu hurudi wameungua chini ya kidevu.

Mwisho ni bima. Bima nyingi za kawaida za safari haziihesabu skii mpaka uongeze kipengele cha michezo ya theluji, na hata baada ya kukiongeza, mara nyingi huweka masharti kwa anayetoka nje ya njia zilizowekewa alama. Someni mkataba kabla ya kusafiri, hasa mahali panapotaja helikopta ya uokoaji.