Dhana ya kifo: mtu aliyepotea anapochukuliwa na sheria kuwa amefariki

Kila yanapozuka mazungumzo juu ya mtu aliyetoweka miaka mingi, hakosekani wa kusema, "Si miaka saba imeshapita? Kisheria huyo ni marehemu." Mwingine hudakia kwamba basi hata polisi wameshafunga jalada. Kauli hizi zimezoeleka mno, na zote mbili zina kasoro. Kasoro hizo zinaumiza watu. Kuna wanawake wanaoishi miaka kumi bila kujua kama wana waume au ni wajane. Kuna viwanja havigawiki wala haviuziki, kuna fedha za baba zimelala benki huku watoto wake wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na yote hayo kwa sababu ndugu wanangoja muda ujitangaze wenyewe. Muda haujitangazi. Lazima mtu aende mahakamani.

Dhana ya kifo ni kanuni ya ushahidi. Mahakama ikithibitishiwa kwamba mtu hajasikika kwa muda uliowekwa, na kwamba wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake kama angekuwa hai hawana habari zozote, itachukulia kuwa amekufa mpaka atokee wa kuonyesha vinginevyo. Mahakama haisemi kwamba imekiona kifo, wala haitaji kilichomuua au mahali alipofia. Inachofanya ni kuhamisha mzigo. Kabla ya muda kutimia, anayedai kwamba fulani amekufa ndiye anayetakiwa kulithibitisha hilo. Ukishatimia, mzigo unamwendea anayedai yu hai.

Nchini Kenya muda huo ni miaka 7, na umeandikwa katika Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja miaka 5 kwa mume au mke ambaye hajasikika. Kwa hiyo mwanamke wa Morogoro anayehesabu miaka saba kwa sababu ndivyo alivyosikia watu wakisema, huenda anajiongezea miaka miwili ambayo sheria ya ndoa ya nchi yake haimdai.

Hiyo saba yenyewe imetoka mbali. Mwaka 1603 Bunge la Uingereza lilifanya kuoa au kuolewa mara ya pili, hali ndoa ya kwanza ingalipo, kuwa kosa kubwa la jinai, ila likamwachia yule ambaye mwenzake alikuwa ng'ambo ya bahari miaka saba mfululizo. Mwaka 1666 ikaja sheria nyingine, ya mashamba yaliyokodishwa kwa umri wa uhai wa mtu fulani: mtu huyo akiondoka nchini na asijulikane yu hai kwa miaka saba, mwenye shamba angeweza kudai ardhi yake. Zilikuwa zama za merikebu, ambapo barua ilikaa miezi njiani na mabaharia wengi hawakurudi. Majaji wakaichukua saba ile wakaitumia kwa mambo mengine, na utawala wa kikoloni ukaisafirisha mpaka huku kwetu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya mpaka leo inamwondolea hatia ya ndoa ya pili mtu ambaye mwenzake hajaonekana wala kusikika kwa miaka saba.

Sasa, mahakama inataka nini hasa? Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama. Kutosikika peke yake hakutoshi. Swali la kwanza ni: nani angetarajiwa kusikia? Kijana aliyekuwa akimpigia mama yake simu kila Ijumaa na kumtumia hela ya matumizi, akinyamaza ghafla, ukimya wake una uzito mkubwa. Mtu aliyegombana na ukoo mzima akaapa hatarudi, ukimya wake na nduguze hauthibitishi chochote, na hakimu atauliza kuhusu marafiki, mwajiri wake, au mzazi mwenzake anayeishi mji mwingine. Swali la pili ni: mlimtafuta vipi? Ndiyo maana karatasi ndogo ndogo zina thamani sana. Namba ya taarifa mliyotoa polisi, inayoitwa RB kwa Tanzania au OB kwa Kenya, ikionyesha tarehe mliyoripoti. Barua ya mtendaji wa mtaa au ya chifu. Nakala ya tangazo la gazetini, lenye picha na tarehe. Maelezo ya aliyezunguka hospitali, vyumba vya maiti na magereza, yakitaja alikwenda wapi na lini. Familia iliyotafuta kwa machozi lakini haikuweka hata karatasi moja hujikuta, miaka baadaye, inaeleza mambo ya kweli kabisa ambayo haina namna ya kuyaonyesha. Nawasihi walio katika hali hiyo sasa: ripotini, na kile mnachopewa kituoni kihifadhini pamoja na hati za nyumba.

Bila amri hiyo ya mahakama familia huzungushwa kweli kweli. Ukienda kufungua mirathi, cha kwanza kuulizwa ni cheti cha kifo. Ukienda kuomba cheti, unaulizwa uthibitisho wa kifo, yaani karatasi ya hospitali au ya viongozi wa mtaa walioshuhudia mazishi. Mwili haupo, mazishi hayakufanyika, na kila dirisha linakurudisha kwa lile ulilotoka. Amri ya mahakama ndiyo inayokata mzunguko huo.

Si lazima kila mara kungoja miaka. Panapokuwa na ushahidi wa janga, mahakama huweza kuridhika mapema kwamba mtu amekufa ingawa mwili haukupatikana, kwa sababu hapo kinachotegemewa ni mazingira yenyewe. Meli ya MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, wengi waliokuwamo hawakuopolewa. Aliyeonekana akipanda meli ile bandarini na asionekane tena yuko mbali sana na aliyeaga kwamba anakwenda kutafuta maisha. Ndege ya Malaysia, MH370, ilipotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239, na tarehe 29 Januari 2015 serikali ya Malaysia ilitangaza kwamba ni ajali na kwamba wote wanadhaniwa wamefariki. Haikufika hata mwaka.

Jambo ambalo wengi hawalitegemei ni hili: dhana ya kifo haina tarehe. Katika shauri la Phené la mwaka 1870, mahakama ya Uingereza ilisema kwamba miaka saba ikitimia, kinachodhaniwa ni kwamba mtu huyo amekwisha kufa. Lini hasa ndani ya miaka hiyo, hilo halidhaniwi. Anayetaka tarehe ailetee ushahidi. Msimamo huo ndio ulioenea katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza. Ukilisoma haraka utaona ni mambo ya mawakili tu, lakini hebu tazama mirathi. Baba katoweka mwaka 2010. Mwanawe mkubwa kafariki 2014, kaacha mke na watoto wawili. Amri inatoka 2018. Je, baba alitangulia kufa, mwana akamrithi, na kile alichorithi kikashuka kwa wajukuu? Au mwana ndiye aliyetangulia? Jibu linaweza kuhamisha shamba zima kutoka upande mmoja wa familia kwenda mwingine. Ndiyo sababu mtu anayefungua shauri hili anapaswa kukusanya kila dalili ya mara ya mwisho: muamala wa mwisho wa simu, zamu ya mwisho kazini, dawa ambazo asingeweza kuishi bila kuzitumia.

Fiqhi ya Kiislamu ililijadili suala hili kabla ya Bunge lile la Uingereza, kwa jina la mafqud, yaani mtu aliyepotea. Hukumu inayonukuliwa sana ni ya Khalifa Umar bin al-Khattab: mke wa aliyepotea angoje miaka minne, kisha akae eda ya mfiwa, miezi minne na siku kumi, ndipo awe huru kuolewa. Wafuasi wa Imam Malik wameishika. Kwa Mashafi, yaani wafuasi wa Imam Shafi, ambao ndio wengi katika pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba mke hubaki katika ndoa mpaka ijulikane kwa yakini kwamba mume amekufa au ametoa talaka. Hata hivyo mke aliyeachwa bila matunzo ana mlango mwingine wa kubisha kwa kadhi, nao ni fasakh, yaani kuvunjiwa ndoa. Katika mali, mafqud huhesabiwa yu hai kwa kilicho chake, hakigawiwi mpaka hukumu itoke, na wanaomrithi ni wale walio hai siku ya hukumu hiyo. Akifiwa na jamaa yake katika kipindi hicho, fungu lake katika mirathi ya jamaa yule huwekwa kando likimngoja. Nauona uangalifu mkubwa katika kanuni hiyo ya kuweka kando. Haimnyang'anyi aliyepotea, na haimpi asichokuwa na hakika nacho.

Dhana hii ina upande wa kutisha pia, na Argentina iliuona. Utawala wa kijeshi wa huko uliwakamata na kuwapoteza maelfu ya watu, kisha mwaka 1979 ukatunga sheria ya kuruhusu waliotoweka wahesabiwe wamekufa, kwa haraka na hata kwa maombi ya serikali yenyewe. Familia nyingi ziliikataa. Kukubali cheti cha kifo kutoka kwa mkono uleule uliomchukua mtoto wako ni kuusaidia kufuta ushahidi. Mwaka 1994, baada ya demokrasia kurudi, ikapitishwa sheria nyingine iliyoanzisha hadhi ya peke yake: kutokuwepo kwa sababu ya kutoweshwa kwa nguvu. Familia ziliweza kushughulikia mali na ndoa bila mtu yeyote kuandika kwamba mpendwa wao amefariki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu watu wanaotoweshwa nao unazitaka nchi zishughulikie hali ya kisheria ya waliotoweshwa, ndoa zao, mali zao na haki za jamaa zao, huku wajibu wa kuendelea kuchunguza ukibaki palepale.

Na akirudi? Kwa kuwa ni dhana tu, inaweza kukanushwa: mtu akijitokeza huenda mahakamani amri itenguliwe. Kwa kawaida hilo huwezekana, ila usiharakishe kudhani ni jepesi kila mahali. Katika jimbo la Ohio, Marekani, mwanamume aliyetoweka mwaka 1986 na kutangazwa amekufa mwaka 1994 alisimama mbele ya jaji mwaka 2013, mzima wa afya, akiomba ahesabiwe hai. Jaji alimkatalia, kwa sababu sheria ya jimbo iliweka ukomo wa miaka mitatu wa kutengua uamuzi wa namna hiyo.

Turudi kwa lile jalada la polisi. Amri ya dhana ya kifo ni ya madai: mirathi, ndoa, bima, mafao. Haigusi upelelezi wa jinai, na kosa la mauaji kwetu halina ukomo wa muda. Lord Lucan wa Uingereza alitoweka Novemba 1974, baada ya yaya wa watoto wake kuuawa nyumbani mwa familia hiyo London. Mahakama iliruhusu mali yake isimamiwe kama ya marehemu mwaka 1999, na cheti cha kifo kikatolewa Februari 2016 chini ya sheria mpya ya mwaka 2013, mwanawe akapata kurithi cheo. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyojibu kilichompata Lucan, wala iliyomzuia mpelelezi kuendelea kuuliza.