Paka wa Kibokoni naye huugua moyo

Jioni, muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake Kibokoni, hapakosi mtu wa kumnyooshea kidole paka aliyelala barazani: "Huyu hana presha wala moyo. Maradhi ya moyo ni yetu sisi."

Si kweli. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwa nini paka wengi waliolishwa vyakula vya dukani walikuwa wakitanuka moyo hadi ukashindwa kusukuma damu. Chakula kilikuwa na upungufu wa taurini, kitu ambacho mwili wetu hujitengenezea, ila wa paka hauwezi kutengeneza cha kutosha. Walipoongezewa, mioyo iliyokwisha kulegea ilianza kupiga vizuri tena. Taurini imo kwenye samaki na nyama. Kwenye wali haimo. Basi paka wa sokoni anayegombea matumbo ya changu huenda ana bahati kuliko wa ghorofani anayetupiwa wali wa jana. (Si kwamba samaki ni dawa ya kila moyo: ugonjwa wa moyo unaowapata paka zaidi ni misuli kunenepa, na huo hautibiwi hivyo.)

Wengine husema wanyama hutumika tu kujaribia dawa zetu. Lakini mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wa mbwa 360 wa majumbani, wenye valvu (kilango cha ndani ya moyo kinachozuia damu isirudi nyuma) inayovuja na moyo uliokwisha kutanuka, bado hawajaonyesha dalili. Waliopewa pimobendani, dawa ya kuusaidia moyo kusukuma damu, walikaa takriban miezi 15 zaidi kabla ya moyo kushindwa au kifo kilichotokana nao. Faida hiyo ni ya mbwa wenyewe.

Ila usichukue kidonge cha presha cha mama ukamkatia paka nusu. Digoksini, dawa ya moyo, hutibu watu na mbwa pia, lakini kati ya kipimo kinachoponya na kinachodhuru pana nafasi ndogo mno. Na kidonge kimoja cha panadol, ambacho sisi twameza bila kufikiri, chaweza kumuua paka.

Linalozusha ubishi zaidi barazani ni valvu za nguruwe wanazotiwa watu ambao zao zimeharibika. "Ukitiwa ya nguruwe, nusu yako ni nguruwe." Tishu ile huoshwa kwa kemikali, haina chembe hai hata moja, na mgonjwa hahitaji dawa za kuzuia mwili usiikatae kama anayepandikizwa moyo mzima. Watu huchanganya na habari ya Maryland, Marekani, Januari 2022, David Bennett alipopandikizwa moyo mzima wa nguruwe aliyebadilishwa jeni, akaishi karibu miezi miwili. Huo ulikuwa moyo hai.

Na asiyetaka ya nguruwe ana njia nyingine. Ziko valvu zinazoshonwa kwa utando unaozunguka moyo wa ng'ombe, na ziko za kaboni na chuma, ambazo watu huziita za chuma. Ya chuma hudumu, lakini inakufunga kumeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku maisha yako yote na kupimwa damu mara kwa mara. Ya mnyama mara nyingi haikudai hayo, ila huchakaa, na kwa kijana huchakaa upesi. Kumuuliza daktari "hii imetengenezwa kwa nini?" si utovu wa adabu. Muulize kabla hujatia sahihi, si siku ya kushonwa nyuzi.