Chenji anarudisha sawasawa: dhana potofu kuhusu walimu na wazazi

Nafundisha darasa la tatu katika shule ya msingi ya serikali wilayani Muheza, mkoani Tanga. Kila shule zinapofunguliwa nasikia maneno yaleyale, mengine kutoka kwa wazazi, mengine kutoka kwetu wenyewe tukiwa ofisi ya walimu. Yamezoeleka mpaka hakuna anayeyapima tena. Haya hapa ni yale ninayoona yanawaumiza watoto zaidi.

Dhana: Elimu ni bure, kwa hiyo mtoto akishaandikishwa kazi ya mzazi imekwisha.

Kilichofutwa ni ada na michango ya lazima. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ndio uliotangaza hivyo, utekelezaji ukaanza Januari 2016, na mwaka huohuo waraka Na. 3 ukafafanua nani anawajibika kwa lipi. Sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki mikononi mwa mzazi.

Upande wa serikali kuna ruzuku ya uendeshaji. Kiwango kilichopangwa kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 ni za vitabu na hazipiti shuleni, 6,000 ndizo zinazoingia kwenye akaunti ya shule. Shule ya watoto 600 basi ina shilingi 3,600,000 kwa mwaka mzima, yaani 300,000 kwa mwezi. Toa humo chaki, karatasi za mitihani, kitasa cha mlango kilichong'oka, dawa ya kusafishia vyoo. Mzazi akipigiwa hesabu hiyo hunyamaza kidogo, kisha huuliza maswali ya maana. Mapato na matumizi hutakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ukifika shuleni simama uusome, na usipoona kitu, uliza.

Ila nisieleweke vibaya. Wazazi wakikubaliana kuchangia uji au chakula cha mchana, hayo ni makubaliano yao, na mtoto ambaye kwao hakikupatikana haruhusiwi kurudishwa nyumbani. Nimewahi kumwona mtoto wa miaka tisa amekaa chini ya mwembe nje ya darasa kwa kosa la mfuko wa mzazi wake. Jambo hilo liliniuma na linaniuma mpaka leo.

Dhana: Mwalimu anayemwomba mwenzake msaada hajui kazi.

Hii ni yetu sisi walimu, na inatokana na woga wa zamani. Kwa miaka mingi mtu mzima akiketi dawati la nyuma na daftari lake, ujue ni mkaguzi. Sasa wanaitwa wathibiti ubora, lakini mwili bado unakumbuka. Mwalimu mwenzako akikuomba aingie darasani kwako akuangalie ukifundisha, jasho linakutoka.

MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imejengwa juu ya kuuvunja woga huo. Shuleni tuna Jumuiya ya Ujifunzaji. Tunakaa, tunachagua mada inayotusumbua, tunaandaa somo pamoja, mmoja anakwenda kulifundisha na wengine tunakaa nyuma, kisha tunarudi ofisini kuzungumza. Tunachoangalia ni mtoto alikwama wapi. Kumpa mwalimu alama hakumo.

Nitoe mfano. Muhula mmoja darasa langu lilishindwa kabisa kutoa kwa kukopa. Nikiandika 52 − 17, nusu ya darasa wananipa 45. Nilirudia, nikapaza sauti, nikaongeza maswali ya nyumbani. 45 ikaendelea kuja. Siku ya jumuiya nikabeba madaftari kumi, nikayafunua mezani. Mwalimu wa darasa la kwanza, dada mmoja mpole ambaye huwa hasemi sana, alitazama ukurasa mmoja tu akasema, "Hawa hawakosei ovyo. Wanatoa ndogo kwenye kubwa. Saba toa mbili, tano. Tano toa moja, nne." Nilikuwa nimesahihisha ukurasa ule kwa kalamu nyekundu bila kuona hilo. Watoto walikuwa na kanuni yao, na walikuwa wakiifuata kwa uaminifu.

Tulijaribu vijiti vilivyofungwa kumikumi, tukajaribu na vifuniko vya soda. Wengine walifunguka. Kijana mmoja alibaki palepale.

Dhana: Mzazi asiyejua kusoma hana msaada wowote kwenye masomo ya mtoto.

Mama wa kijana huyo anauza machungwa, na kalamu hakuwahi kuishika. Alikuja shuleni kwa jambo jingine kabisa, sare ya mdogo mtu. Nikaona nimwonyeshe daftari. Alilishika juu chini, akaligeuza taratibu, akaona yale mekundu. Akaniuliza kwa heshima, "Mwalimu, mbona kwenye genge chenji anarudisha sawasawa?"

Nikamwuliza anafanyaje. Akasema mteja akinunua ya 350 akatoa 500, mtoto huweka sarafu moja moja kiganjani mwa mteja huku akihesabu: 400, 450, 500. Basi. Hatoi hata kidogo, anapanda.

Kesho yake nilimwita ubaoni. Nikamwambia mteja kachukua ya 17, katoa 52. Akawaza, akasema kutoka 17 mpaka 20 ni 3, mpaka 50 ni 30, mpaka 52 ni 2. Ni 35. Darasa zima liligeuka kumtazama. Baada ya hapo ndipo nikaweza kumrudisha kwenye kukopa, kwa sababu sasa alikuwa na jibu analoliamini la kulinganishia. Wiki iliyofuata njia hiyo ilikuwa mezani kwenye jumuiya, na mwenzangu wa darasa la nne akaichukua.

Sisi walimu wawili wenye vyeti tulihangaika wiki nyingi, na ufunguo alikuwa nao mama wa machungwa. Asingetuambia kama tusingemfungulia daftari.

Na yapo mengine ambayo mzazi yeyote anayaweza jioni, awe amesoma au hakusoma. Mwambie mtoto akusomee kwa sauti: kukwamakwama kunasikika hata kwa asiyejua herufi. Fungua daftari uone kurasa zinaongezeka au zimesimama, na kama kalamu ya mwalimu imepita. Mwambie akusimulie alichojifunza kwa lugha ya nyumbani, Kibondei au Kisambaa, haidhuru. Watafiti wa Uwezo, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walimpa mtoto kifungu cha kiwango cha darasa la pili akisome hapohapo kwao. Wazazi wengi waligundua siku ile kwamba mtoto wa darasa la tano hajui kusoma. Kugundua huko hakukuhitaji cheti.

Dhana: Mzazi akiitwa shuleni, mtoto kaharibu.

Tumeifanya kuwa kweli wenyewe. Barua ya wito inakwenda kwa utoro, kwa kupigana, kwa kioo kilichovunjwa. Mzazi anafika kavimba au kanywea. Nilianza kupiga simu moja kila Ijumaa kwa habari njema, dakika mbili tu. Wa kwanza kupokea aliniambia, "Mwalimu, nimeshtuka, nikajua ameanguka." Siku hizi nikipiga kwa jambo zito wananisikiliza mpaka mwisho.

Sharti ni moja: walimu wawe wamezungumza kwanza. Hakuna kinachomkatisha mzazi tamaa kama kuambiwa na mwalimu wa Kiswahili kwamba mtoto ana bidii, akavuka uwanja na kuambiwa na mwalimu wa Hisabati kwamba ni mvivu. Amwamini nani? Kabla ya kumwita mzazi, tunaomfundisha mtoto yule tunakaa dakika tano, tunapata kauli moja.

Dhana: Kamati ya shule ipo, wengine tukae pembeni.

Kamati husimamia mipango, fedha na majengo, na ina wajumbe wachache. Ndiyo maana kuna UWAWA, yaani ushirikiano wa wazazi na walimu, ambao mkoani kwetu umesukumwa pia na programu ya Shule Bora. Humo wazazi wanawakilisha madarasa na wanaongea utoro, usomaji na usalama wa njiani. Kenya wao wameliweka kwenye sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013: kila mzazi mwenye mtoto katika shule ya umma ni mwanachama wa chama cha wazazi wa shule hiyo.

Dhana: Wasiokuja kikaoni hawajali watoto wao.

Nilikuwa nalisema hili kwa kinywa kipana. Vikao vyetu vilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, saa ambayo mwenye genge yuko gengeni, wa kibarua yuko shambani, na bodaboda yuko barabarani anatafuta hesabu ya siku ya tajiri. Wanaobaki nyumbani ni bibi wanaolea wajukuu, na njia ya shule ina mlima. Akifika, anasomewa orodha ya wasiochangia mbele ya watu. Wewe ungerudi?

Kundi la WhatsApp nalo halikutibu. Wenye simu kubwa ndio walewale waliokuwa wakija.

Kikao cha darasa langu sasa ni saa kumi jioni, siku isiyo ya mnada, na hakizidi saa moja. Orodha ya michango haisomwi. Kila mzazi au mlezi anapewa daftari la mwanawe, na mtoto anakaa pembeni yake akimweleza ukurasa kwa ukurasa. Kikao kilichopita alifika baba mmoja fundi pikipiki, mara yake ya kwanza tangu mwanawe aanze shule. Mikono yake ilikuwa na grisi, hakutaka kuchafua daftari. Akamwomba bintiye amfungulie yeye kurasa, akainama kutazama.